Injini Tatu kwa Mpigo: Nilivyounda na Kurusha Roketi Yangu

Ugumu wa roketi ya injini tatu uko kwenye waya. Kupiga msasa mapezi, kubandika, kupaka rangi, kukunja parachuti, hayo yote aliyewahi kuunda roketi ya mfano ya injini moja anayajua. Kinachobadilika ni kwamba sasa una injini tatu ambazo lazima ziwake kwa pamoja, na hakuna kinachozisubirisha.

Saturn V, iliyopeleka watu mwezini, ilikuwa na injini tano za F-1 chini yake, na haikuachiwa iondoke mara tu zilipowashwa. Ya katikati ilianza, zikafuata nyingine mbili mbili, na muda wote huo roketi ilikuwa imebanwa chini mpaka ithibitike kwamba zote tano zinasukuma inavyotakiwa. Roketi yangu ya karatasi ngumu haina wa kuibana. Injini ya baruti ikishika moto, roketi imeondoka. Ikiwaka moja peke yake, itanyanyuka na kuchomoa waya za zile mbili zilizobaki, kisha itapanda ikisukumwa upande mmoja. Sisi watu wa pwani tumeshaona jahazi likishuliwa: asipokuwepo wa kuita "harambee", kila bega linasukuma kwa wakati wake na chombo hakisogei. Hesabu yangu yote ilikuwa kutafuta huo mwito wa harambee ndani ya umeme.

Kwetu ni Malindi. Ukikulia kule, habari za San Marco zinakufikia tu, yale majukwaa ya Waitaliano baharini mbele ya Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi aina ya Scout iliondoka pale na setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru kwa sababu Kenya ilikuwa ikisherehekea siku yake ya uhuru. Sasa naishi Iowa, Marekani, na huku roketi za mfano ni shughuli ya watu wa rika zote tangu miaka ya hamsini. Chama chao cha taifa, NAR, kilianza 1957. Kampuni ya Estes ilianza mwaka uliofuata, na injini zake za baruti ndizo utakazozikuta katika maduka mengi ya vitu vya kuchezea. Nilikuwa nimesharusha roketi nyingi za injini moja na binti yangu. Tukaamua kupanda daraja.

Tulinunua seti ya injini tatu za milimita 18. Injini zenyewe ni C6-5, na maandishi hayo yanafaa kueleweka kwa sababu ndiyo yanayokuamulia mambo. Herufi ni jumla ya msukumo: C inaishia nyutoni-sekunde 10 (nyutoni ni kipimo cha nguvu), na kila herufi inayofuata ni mara mbili ya iliyotangulia. Namba 6 ni wastani wa nguvu kwa nyutoni. Namba 5 ni sekunde za kungoja baada ya baruti ya kusukuma kwisha, roketi ikiwa bado inapanda kwa kasi iliyobaki nayo, kabla chaji ndogo ya mbele kulipuka na kutoa parachuti. Tatu kwa pamoja ni nyutoni 18 kwa wastani. Roketi yangu ikiwa kamili ilikuwa na gramu 226, yaani uzito wa nyutoni kama 2.2, kwa hiyo msukumo ulikuwa mara nane ya uzito. Wazoefu wanataka angalau mara tano. Hapo nilitulia.

Nilichagua injini za baruti nyeusi kwa makusudi. Zipo za kisasa zenye nguvu zaidi kwa uzito uleule, za mchanganyiko wa kemikali ya amoniamu pakloreti, lakini hizo zinachelewa kushika moto, na kila moja inachelewa kwa kiasi chake. Kwa roketi ya injini moja si neno. Kwa injini tatu unajitafutia balaa.

Ndani ya bomba la roketi, vibomba vitatu vya injini vinakaa kwa umbo la pembetatu. Bomba kubwa lina upana wa ndani wa milimita 40 na nusu, na vibomba vitatu vikigusana vinajaa mle kwa namna inayopendeza macho: vinaingia kwa kusukuma kidogo tu, bila pete ya kuvishika. Lakini vinaacha nafasi nne, moja ya katikati na tatu za pembeni, na nafasi hizo ndizo zinazoua roketi za aina hii. Chaji ya parachuti ni pumzi ya moto inayotakiwa kusukuma kwenda mbele tu. Ikipata upenyo itarudi nyuma, pua haitafunguka, na roketi itaanguka kama ilivyo. Nilisokota karatasi laini, nikailoweka kwenye gundi ya mbao, nikaishindilia katika kila nafasi kwa ncha ya penseli. Ilipokauka nikamimina juu yake gundi ya epoksi nyembamba, nikaacha bomba limesimama usiku kucha. Asubuhi nilikaribisha kiganja upande mmoja kuhisi hewa, nikapuliza kupitia upande wa pili, vibomba vimezibwa kwa injini zilizokwishatumika ambazo tundu zake nilizifunga kwa utepe. Hewa haikupita. Binti yangu naye akapuliza mpaka mashavu yakamvimba.

"Baba, haitoki hata kidogo."

"Basi mama, hiyo ndiyo roketi. Kilichobaki ni mapambo."

Uzito wa nyuma ulihitaji kutazamwa pia. Injini tatu zote ziko mkiani, na roketi inaruka sawa pale tu kitovu chake cha uzito kinapokuwa mbele ya kitovu cha shinikizo la hewa, yaani pale nguvu ya hewa inapojikusanya, kwa umbali usiopungua upana wa bomba lake. Maelekezo ya seti yalionyesha mahali pa kitovu cha shinikizo. Nikaweka injini, parachuti na kila kitu ndani, nikaining'iniza roketi kwa uzi mpaka ikalala mlalo, nikapiga alama pale uzi uliposhika. Nikaongeza udongo wa kufinyangia ndani ya pua kidogo kidogo mpaka alama ikasogea mbele nilivyotaka. Ulitosha gramu 15.

Sasa waya. Kila injini ina kiwashio chake, waya mwembamba wenye ncha inayoungua umeme ukipita. Vitatu hivyo vinaungwa sambamba, wala visiungwe mfululizo. Ukiviunga mfululizo, kitakachotangulia kuungua kinakata njia ya umeme, na vingine vinabaki baridi. Vikiwa sambamba kila kimoja kina njia yake, lakini betri inabidi itoe mkondo wa vyote kwa mara moja. Viwashio vyangu vilikuwa na ukinzani wa chini ya ohm moja kila kimoja, na kimoja kinataka kama ampea mbili ili kiwake bila kusitasita. Vitatu vinataka sita, na mimi nilitaka ziada kubwa juu ya hiyo. Kile kidude cha kurushia kinachotumia betri nne za tochi hakiwezi kazi hiyo. Nilitumia betri ya UPS (kile kifaa cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika) ya volti 12, ile ya ampea-saa 7.

Halafu kuna urefu wa waya. Kanuni za usalama za NAR zinataka mita 4.5 kutoka kwa roketi ya injini D kurudi chini, na mita 9 kwa kubwa zaidi. Ukiwasha injini kadhaa kwa pamoja unahesabu jumla ya msukumo wake. C tatu zinavuka kiwango cha D, kwa hiyo ni mita 9. Umeme mwingi ukipita mita 9 za waya mwembamba kwenda na kurudi, sehemu kubwa inapotea njiani. Nilichofanya ndicho anachofanya fundi wa umeme wa magari kila siku kwenye taa kubwa: rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Betri na rilei zilikaa karibu na jukwaa, zikiungwa na klipu kwa waya mnene na mfupi. Waya mrefu mwembamba ulibeba umeme mdogo tu wa kuamsha rilei, na kwenye ncha yake kulikuwa na kitufe pamoja na tundu la ufunguo wa usalama, ambao haukutoka mfukoni mwangu mpaka wakati wa kurusha.

Kabla ya kugusa injini yoyote tuliwasha viwashio vitatu vitupu juu ya kigae, simu ikirekodi kwa mwendo wa polepole. Video ilionyesha kimoja kikichelewa. Jicho halingeliona hilo kamwe. Tukafuatilia, tukakuta meno ya klipu moja yameshika kutu. Tukayapiga msasa yote mpaka yakang'aa, tukawasha vingine, na safari hii nuru tatu zikatokea katika picha ileile. Tangu hapo kipande cha msasa kinakaa ndani ya boksi la kurushia, na hakuna klipu inayoshika waya kabla haijasuguliwa.

Viwashio vya kurushia tulivipima kimoja kimoja kwa multimita kabla ya kuviingiza. Mwanangu alikuwa anasoma namba, mimi naandika, na kimoja kilichotofautiana na wenzake tukakiweka kando. Ncha ya kiwashio lazima iguse baruti yenyewe ndani ya tundu la injini. Ikibaki nyuma hata milimita chache, inaungua bure. Unakiingiza mpaka kigonge, unakishikilia kwa kizibo chake cha plastiki, halafu unavuta taratibu kuhakikisha hakichezi. Kutoka kila kiwashio nilizungusha mguu mmoja kwenye pete ndogo ya waya wa shaba iliyo katikati, na mguu wa pili kwenye pete ya nje. Klipu mbili tu, moja kwa kila pete. Ukichungulia chini ya roketi unaona kila kitu kwa mtazamo mmoja, na hakuna waya unaogusa mwenzake.

Tulirusha mwezi Oktoba, kwenye shamba lililokwishavunwa, mabua ya mahindi yamekatwa chini na upande wa mashariki hakuna mti. Upepo ulikuwa mwepesi. Mkaguzi wa usalama uwanjani aliichukua roketi mikononi, akatikisa mapezi, akavuta injini kuona zimekaza, akaniuliza kitovu cha uzito kiko wapi na nimekipataje. Ukaguzi wa namna hii naupenda. Mtu mzima anachukua dakika zake kuhoji kazi yako kabla haijaruka juu ya vichwa vya watu, na hana haraka.

Nikaunga klipu, nikarudi nyuma mita zangu 9 na zaidi, nikatia ufunguo. Binti yangu akahesabu kwa sauti: tano, nne, tatu, mbili, moja. Akabonyeza.

Injini moja hutoa mfyonyo mkali. Tatu zilitoa mngurumo uliotufikia kifuani, na moshi ukatanda juu ya sahani ya chuma ya jukwaani tukiwa bado tunatazama mahali roketi ilipokuwa. Ilinyooka. Macho yangu yalikuwa kwenye mkia, na pale niliona mwali mmoja mnene bila pengo. Ndani ya sekunde mbili baruti ilikuwa imekwisha, ukabaki uzi mweupe wa moshi. Halafu pua ikachomoka, mlio wa kwanza ukatufikia, na nyuma yake miwili zaidi, kwa sababu vicheleweshi vya injini havifanani kabisa hata vikiwa na namba moja. Ndiyo maana pamba ya kukinga parachuti niliijaza kuliko kawaida: chaji ya pili na ya tatu zinalipuka wakati ya kwanza imeshafungua njia.

Tuliikuta kwenye mabua, parachuti haina hata alama ya kuungua. Kipimaurefu kidogo ndani yake kilisoma mita 231. Nilichomoa injini moja baada ya nyingine, zote zimeungua mpaka mwisho, nikamulika tochi ndani ya bomba kutazama zile nafasi nne. Epoksi ilikuwa imeshika palepale, imekuwa nyeusi tu juu.

Mpwa wangu aliyeko Malindi ameona video na anataka nimpelekee injini nikija likizo. Haiwezekani: hazipandi ndege, si mkobani wala kwenye sanduku la mizigo, na mtu asijaribu kuzificha. Nimemwambia awatafute vijana wa mradi wa Nakuja pale Chuo Kikuu cha JKUAT, Juja, ambao wanaunda roketi zao wenyewe chini ya chuo, ajifunze kwao hatua kwa hatua. Wakati huohuo umeme anaweza kuufanyia mazoezi nyumbani bila baruti yoyote: betri ya volti 12, rilei ya gari na balbu tatu za gari zilizoungwa sambamba, arekodi kwa simu aone kama zinawaka pamoja. Jana amenitumia picha ya sakiti yake. Waya wa kutoka kwenye betri hadi kwenye rilei ni mrefu mno, nimemwambia aukate uwe chini ya nusu mita kisha arekodi tena.