Pundamilia katika Msitu wa Uingereza

Sichoki kuitazama picha ya pundamilia aliyoichora George Stubbs mwaka 1763. Mnyama huyo wa Afrika amesimama peke yake kwenye kivuli cha msitu wa Kiingereza, wala mchoraji hakujisumbua kumbunia nyika au simba wa kumvizia. Jike huyo alifika Uingereza mwaka 1762 kutoka Rasi ya Tumaini Jema akiwa zawadi kwa Malkia Charlotte, na dume aliyepakiwa pamoja naye alifia baharini. Watu wa London walimiminika kumwona, wakambandika jina la punda wa malkia, jina ambalo sisi tunaomwita punda wa milia hatuna haki ya kulicheka.

Kabla ya hapo Stubbs alikuwa ametumia miezi 18 akipasua mizoga ya farasi na kuchora misuli yake tabaka kwa tabaka, na naamini ujuzi huo ndio uliomwepusha na kosa la kuchora farasi aliyepakwa mistari. Ukitazama kwa makini utaona tumbo jeupe, kikunjo cha ngozi kinachoning'inia kooni, na milia mifupi iliyopangika kama vidato vya ngazi juu ya mkia: alama zote za pundamilia wa milimani.

Mambo yalimwendea kombo alipoagizwa na Joseph Banks, mtaalamu wa mimea na wanyama, amchore kanguru. Safari hii hakuwa na mnyama aliye hai, bali ngozi iliyotoka katika safari ya baharia Kapteni Cook iliyofika Australia, nayo ikabidi ijazwe ili ipate umbo. Picha iliyoonyeshwa mwaka 1773 ina kiumbe mnene juu ya mwamba, anayegeuza kichwa nyuma, na kusema kweli anafanana zaidi na panya.

Kifaru naye aliteswa na masimulizi kwa muda mrefu. Albrecht Dürer, msanii wa Kijerumani ambaye hakuwahi kumwona, alimwongezea kijipembe mgongoni mwaka 1515, na wachoraji wakakinakili kwa zaidi ya karne mbili. Kisha akaja Clara, kifaru wa India aliyezungushwa katika miji ya Ulaya. Jean-Baptiste Oudry alimchora Paris mwaka 1749 kwa ukubwa wake halisi, bila kijipembe hicho. Pietro Longhi alipomkuta Venice mwaka 1751, hata pembe ya puani ilikuwa imeng'oka; akamchora hivyo hivyo, akitafuna majani makavu, huku mtunzaji wake akiinua pembe hiyo mkononi watazamaji waione.