Wapagani wa Ulaya: ni dini ya mababu kweli au ya juzi tu?

Wakuu habari za huko. Kuna swali naulizwa sana na ndugu wa nyumbani wakiona video za wazungu wamevaa kanzu nyeupe wanapiga ngoma kwenye mawe makubwa, eti hao ndio wamerudia dini yao ya asili ya kabla ya Ukristo? Kwa wanaoishi huku Uingereza jibu si la ndiyo au hapana ya haraka, ila mimi langu nalitoa mapema ili nisizungushe: majina ni ya zamani, dini yenyewe ni mpya. Na kuwa mpya siyo kosa, tatizo ni pale watu wanapoanza kuupigia debe ukale ambao haupo.

Kwanza watu hawa wapo kweli, siyo vichekesho vya mtandaoni. Kwenye sensa ya 2021 ya England na Wales watu kama 74,000 waliandika dini yao ni upagani na wengine 13,000 wakaandika Wicca, yaani tawi la upagani linalojiita dini ya wachawi. Sasa hapo mmoja wao nafanya naye kazi, mama mmoja mtu mzima, mchapakazi haswa, tunalea wazee pamoja zamu za usiku, na usiku ukitulia tunapiga stori mpaka asubuhi. Yeye alinieleza bila kupepesa macho kwamba dini yake haijawahi kufa, ilijificha tu vijijini, bibi anamfundisha mjukuu gizani karne na karne huku kanisa likiwawinda. Stori tamu kwelikweli, na mimi mtu wa stori nikaanza kufuatilia.

Sasa shida inaanza. Wicca inafuatiliwa vizuri mpaka kwa mtu mmoja anaitwa Gerald Gardner, mwingereza aliyekuwa afisa forodha huko Malaya, akastaafu akarudi kwao 1936, akadai kwamba 1939 aliingizwa kwenye kikundi cha siri cha wachawi maeneo ya New Forest, kusini mwa England. Sheria ya uchawi ya mwaka 1735 ilipofutwa 1951 mzee akapata upenyo, 1954 akatoa kitabu chake, na dibaji kaandikiwa na Margaret Murray. Huyu Murray ni mtaalamu wa mambo ya Misri ya kale, siyo wa historia ya wachawi wa Ulaya, lakini tangu 1921 alikuwa anasema waliouawa zamani kwa kutuhumiwa uchawi walikuwa waumini wa dini ya kale iliyojificha. Wanahistoria waliosoma zile kesi zenyewe wameikataa hoja yake, ila yeye ndiye aliyepewa kuandika habari ya uchawi kwenye Encyclopaedia Britannica tangu 1929 na ikakaa humo miaka kama 40! Kwa hiyo mtu wa kawaida akifungua kitabu kinachoaminika anakuta ndivyo ilivyo, utamlaumu?

Na ibada zenyewe za Gardner, mwanamama anaitwa Doreen Valiente aliyejiunga naye miaka ya 50 alizisoma tu akashtuka, mbona maneno mengine ni ya Aleister Crowley, yule mzee wa mambo ya giza aliyekufa 1947. Akamuuliza Gardner, na Gardner akamwambia kama anaweza kuandika vizuri zaidi basi aandike. Akaandika, na mpaka leo maneno ya Valiente ndiyo yanayosomwa. Zile sikukuu zao 8 za mwaka nazo ni hivyohivyo, moja moja nyingine ni za kale kweli, lakini hakuna kabila la kale linalojulikana kuwa lilisherehekea zote 8 kama mzunguko mmoja, mpangilio ule ni wa katikati ya karne ya 20. Jina la Mabon wanaloitia sikukuu ya Septemba lilibandikwa na mmarekani miaka ya 1970. Yaani kuna watu wazima humu wameizidi umri sikukuu ya kale.

Habari ya wachawi milioni 9 kuchomwa moto nayo utaisikia sana. Hesabu za wanahistoria kwa Ulaya nzima ni kati ya 40,000 na 60,000, ambayo bado ni balaa kubwa mno, halafu England waliwanyonga kwa kawaida, kuchoma ilikuwa zaidi ya Scotland na bara. Na wengi wa waliouawa walikuwa Wakristo tu kama majirani zao, wajane, wazee, watu wenye mdomo, walioteuliwa kubebeshwa msalaba wa ng'ombe kufa na maziwa kuharibika.

Haya, Madruidi sasa, hawa wa kanzu nyeupe. Madruidi wa kale, makuhani wa Waselti, walikuwepo, jemedari wa Roma Julius Caesar kawaandika karne ya kwanza kabla ya Kristo, anasema wengine walisoma mpaka miaka 20 na mafundisho yao hawakuruhusu yaandikwe. Hapo ndipo mzigo ulipo. Kama elimu yote iko kichwani, basi ukiwaua wenye vichwa imeisha, na mwaka 60 hivi baada ya Kristo jeshi la Roma likavuka maji likaenda kisiwa cha Anglesey kule Wales likawapiga na kukata misitu yao mitakatifu. Baada ya hapo kuna pengo la zaidi ya miaka 1,500 mpaka wasomi wa kiingereza walipoanza kuwatamani tena. Mmoja wao William Stukeley, mchungaji wa Kianglikana kabisa, ndiye alivuma karne ya 18 kwa kusema Stonehenge, ile duara ya mawe makubwa kusini mwa England, ilikuwa hekalu la Madruidi. Mwingine ni Iolo Morganwg, fundi mawe wa Wales na mlevi wa kasumba, huyu alighushi hati za kale kwa ustadi ambao ukimsoma unamchukia na kumpenda kwa pamoja. Tarehe 21 Juni 1792 alikusanya washairi pale Primrose Hill, London, wakafanya ibada ya "kale" aliyoitunga mwenyewe, na sala yake Madruidi wa leo wanaisali bado.

Halafu Stonehenge yenyewe. Yale mawe makubwa yalisimamishwa kama miaka 2,500 kabla ya Kristo. Ukikokotoa vizuri Caesar na Madruidi wake wako karibu na sisi kuliko walivyo karibu na waliojenga pale. Mimi hii iliniacha hoi.

Nimeshafika usiku ule wa siku ndefu kuliko zote, yule mama alinishawishi twende baada ya zamu. Usiku huo wanaruhusu watu waingie mpaka katikati ya mawe bure, utaratibu wa tangu mwaka 2000 baada ya miaka mingi ya kufungiwa na ugomvi na polisi. Baridi ya Juni ya huku, mnaijua, nyasi zimelowa mpaka soksi. Ukisogea karibu na jiwe mojawapo ndio unaelewa, ni refu kukuzidi mara mbili na zaidi, tani 20 na kitu, limeota kuvu za kijivu na za njano, na limetolewa kama kilomita 25 kutoka hapo kwa nguvu za mikono maana magurudumu hawakuwa nayo. Kijana mmoja kaliegemezea paji la uso kafumba macho, pembeni yake dada anamtafuta rafiki yake kwenye simu kwa kufoka, nyuma mzee wa Kidruidi kanzu yake imechafuka matope chini anaomba watu wampishe. Kama saa 11 kasoro alfajiri jua likatoka upande wa lile jiwe la nje wanaloliita Heel Stone, watu wakapiga kelele, wengine wakalia. Na mimi nilisisimka siwezi kudanganya.

Lakini nikaja kusoma habari za Durrington Walls, kijiji cha kama kilomita 3 kutoka hapo ambako inadhaniwa wajenzi waliishi. Wamefukua mifupa ya nguruwe kwa maelfu, na meno yanaonyesha wengi walichinjwa wakiwa na miezi kama 9. Nguruwe akizaliwa masika, miezi 9 inakupeleka Disemba. Na mhimili wa mawe unafanya kazi pande zote mbili, macheo ya Juni upande huu, machweo ya Disemba upande ule. Waakiolojia wengi wanaona sherehe kubwa yao ilikuwa ile ya kipupwe, siku fupi. Yaani ule umati wote tulioganda pale kuna uwezekano tulikuwa tumesimama tumeipa mgongo ibada yenyewe.

Ukitaka kuiona dini ya kale ilivyokuwa kweli nenda mji wa Bath. Pale kuna chemchemi ya maji moto, Warumi na wenyeji walimwabudu mungu mke Sulis Minerva, na humo majini wametoa vibati vya madini ya risasi kama 130 vilivyoandikwa laana. Siyo mashairi ya mwezi na maua! Mmoja anaitwa Docilianus kaibiwa joho lake lenye kofia, anamwomba mungu mke amuue mwizi awe mwanaume au mwanamke, mtumwa au huru, asipate usingizi wala watoto mpaka alirudishe hekaluni. Wengine glavu, wengine pete. Bibi yangu angemwelewa Docilianus bila mkalimani. Dini ile ilikuwa mkataba, nipe nikupe, unachinja unalipa nadhiri, mambo ya mji na jeshi na mavuno, haikuuliza moyoni unaamini nini. Upagani wa leo ni wa mtu binafsi na nafsi yake, mazingira, uponyaji, usawa wa kijinsia. Mambo mazuri mengi tu, ila ni mawazo ya karne ya 19 na 20, siyo ya Docilianus.

Siyo kwamba Ulaya nzima iko sawa. Iceland wana afadhali kidogo, chama chao Ásatrú kilianza 1972 kikatambuliwa na serikali 1973, na wao wana maandishi, mashairi ya kale na kitabu cha Snorri, mwandishi wao wa karne ya 13 aliyekusanya hadithi za miungu. Ila Snorri naye alikuwa Mkristo aliyeandika kama miaka 200 baada ya nchi kubadili dini. Lithuania walibatizwa 1387, karibu mno kwa viwango vya Ulaya, nyimbo na desturi zimebaki kwa wingi. Na wanaokaribia zaidi mwendelezo wa kweli ni Wamari wa pale Urusi mtoni Volga, hao wana misitu yao mitakatifu na makuhani wanaochinja bata bukini na kondoo, walibanwa na kanisa wakabanwa na Wasovieti na hawakuacha. Cha ajabu hawapigi makelele kwamba wao ni wa kale.

Sasa kwa nini mimi mgeni wa watu nijisumbue na haya? Kwa sababu ya damu. Kuna vikundi, siyo wengi lakini wapo huku na Marekani, vinavyomchukua Odin, mungu wa kale wa watu wa kaskazini, na wenzake vikasema hii ni dini ya damu ya watu weupe wa kaskazini, wewe kaa mbali. Hapo ukale umegeuka hati ya kiwanja. Na ndiyo maana historia inabidi iwekwe wazi, maana utafiti wa DNA za mifupa uliotoka 2018 ulionyesha kwamba baada ya yale mawe kusimama walikuja watu wengine kutoka bara na ndani ya karne chache wakachukua nafasi ya karibu asilimia 90 ya ukoo wa waliokuwepo. Ndipo wakaja Warumi, na jeshini mwao kulikuwa na kikosi cha Wamoori kutoka Afrika Kaskazini kikilinda ukuta wa Hadrian kaskazini mwa England, mpaka kaizari Septimius Severus mzaliwa wa Libya akafia York mwaka 211. Waafrika walitoa sadaka kwa miungu kwenye ardhi hii kabla hajaitwa mtu yeyote Mwingereza. Haya niambie damu ya nani sasa.

Yule mama siyo wa hao, na ukali wake wote ni kwenye chai. Aliwahi kuniambia nyie Waafrika mna bahati dini zenu hazikukatika, nikamjibu mama mimi nimekulia kwaya ya kanisa, hayo unayoyatafuta kwangu hata wazazi wangu hawakunipa. Akacheka sana. Nilipomletea habari za Gardner na Valiente nikidhani namvunja moyo, kumbe kitabu cha mwanahistoria Ronald Hutton cha 1999 kilichoyachambua yote hayo anacho nyumbani na kakichorea mistari. Akasema ndiyo, stori ya bibi na mjukuu anajua haisimami, ila aliisikia kwanza hivyo akiwa binti na bado anapenda kuisimulia, na jua linachomoza hata kama sala aliitunga mghushi wa hati. Vijana wao wengi siku hizi hata hiyo stori hawaisemi, wanakiri tu kwamba wanaunda upya kwa vipande vilivyobaki, na mimi hao nawaheshimu zaidi.

Ile ya nguruwe wa Durrington ndiyo hakuwa ameitilia maanani. Ameomba likizo ya tarehe 21 Disemba na zamu yake nimebebeshwa mimi.