Nesi wa nusu kaputi: Jumatano yangu na rovu lililojificha kifuani

Mtaani kwetu Nkuhungu wananiita nesi wa nusu kaputi. Juzi ndani ya bajaji dada mmoja aliposikia kazi yangu akauliza, "Sasa ukishawalaza, unabaki kufanya nini mle ndani?" Nilikuwa nimefika, nikashuka bila kumjibu. Jibu lake ni Jumatano iliyopita.

Saa 11 alfajiri. Chai ya rangi, chapati ya jana, sweta na khanga juu yake. Mwezi wa saba upepo wa Dodoma hauna adabu.

Saa 1 asubuhi. Nakagua mashine ya usingizi: oksijeni ya ukutani, mtungi wa akiba, mashine ya kufyonza makohozi, taa ya kuangalizia koo. Jana nilikagua, leo nakagua, kesho nitakagua tena.

Ratiba ilikuwa na wagonjwa watatu, lakini siku ilikuwa ya mmoja: mama wa miaka 61 kutoka kijiji kimoja cha Mpwapwa. Nilimwona wodini Jumanne jioni. "Mbukwenyi mama," nikamsalimu, akacheka kwa jinsi ninavyokipinda Kigogo chake. Shingoni alikuwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, la ukubwa wa chungwa. Ukiliangalia unasema ni dogo, mbona tumeona makubwa zaidi. Lakini rovu la namna hii ni kama kiboko: unachokiona ni kichwa, mwili uko majini. Picha ya CT ilionyesha limeteremka nyuma ya mfupa wa kidari, limeisukuma njia ya hewa upande wa kulia na kuibana mpaka upana wa milimita 6 hivi. Miaka mitatu mama huyu alikuwa akilala ameketi, kaegemea ukuta. Nikamwomba anyanyue mikono yote miwili juu ya kichwa aitulize hapo. Haikufika dakika, uso ukavimba na kuiva, pumzi ikaanza kupiga mluzi. Kipimo hicho aliandika daktari Mwingereza, Hugh Pemberton, mwaka 1946, na hakihitaji umeme.

Akaniambia lilianza akiwa msichana. Naamini. Rovu mara nyingi huletwa na upungufu wa madini joto, na chumvi ya kutiwa madini hayo ilishika kasi nchini miaka ya 1990, na wakati huo yeye alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Halafu watu wakamwambia rovu likikatwa mtu hufa. Akakaa nalo.

Kabla ya kutoka nilisema mara tatu, mbele ya ndugu: asile chochote kuanzia usiku. Wote wakaitikia, "Sawa, sista."

Saa 2 kasoro. Mama yuko mlangoni kwenye kitanda cha magurudumu. Nauliza swali langu la kila siku, ameweka nini tumboni? Akamtazama mdogo wake wa kiume, mzee wa heshima mwenye balaghashia. Mdogo mtu akatazama dari.

"Alipewa kauji kidogo tu."

"Saa ngapi, baba?"

"Saa 11 na nusu. Sasa binti yangu, mtu anakwenda kukatwa shingo, aende na njaa?"

Kauji hako kalikuwa kikombe kizima, cha ulezi, kimetiwa maziwa na karanga. Nikamweleza kwamba mtu akilala usingizi wetu, mlango wa tumbo unalegea na kilichomo kinaweza kupanda na kumwagikia mapafuni. Maji matupu tunangoja muda wa saa 2. Uji wa maziwa, muda wa saa 6 kwa uchache.

"Uji ni maji, binti."

"Si maji, baba."

"Umeuona ulivyokuwa mwepesi?"

Sikuuona. Akataka kumwona mkubwa wangu. Mkubwa akaja, akasema maneno yaleyale, na mzee akayakubali papo hapo kwa kuwa yametoka kwa mwanamume aliyevaa koti jeupe. Halafu akanigeukia mimi: "Ungenieleza vizuri hivyo tangu mwanzo." Nina miaka 11 kwenye kazi hii. Nilikwenda stoo nikahesabu mipira ya kupumulia ambayo nilikuwa nimeshaihesabu.

Daktari wa upasuaji naye akaninunia, kana kwamba uji nimeupika mimi. Alikuwa amemwomba mwenzake wa upasuaji wa kifua akae karibu asubuhi hiyo, ikabidi wapange upya. Tukamwingiza kwanza mgonjwa wa ngiri, kwa ganzi ya sindano ya mgongoni, kisha kijana wa uvimbe mkononi. Wote walikwenda vizuri, sina cha kusimulia.

Saa 5 na nusu. Saa 6 za uji zimetimia kwa dakika.

Watu hudhani kazi ni kumlaza. Kwa mgonjwa huyu kumlaza ndiyo hatari yenyewe. Akiwa macho, misuli yake inaishikilia njia ya hewa iliyobanwa isifunge kabisa. Ukimpa dawa ya kulegeza misuli kabla mpira haujapita pale penye mbano, anaweza kukufungia hapohapo, na ukipuliza hewa haiendi. Kwa hiyo tulimweka nusu ameketi, vilevile anavyolala kwake, nikampulizia ganzi kooni kidogo kidogo, nikampa dawa ya kumtuliza bila kumnyima pumzi yake. Daktari wa usingizi alishika kamera, mimi nikashika mpira namba 6 wenye waya wa kujisokota ndani, ule ambao haukunjiki ukibanwa.

Koromeo tuliliona mara moja. Shida haikuwa hapo, ilikuwa chini yake. Mpira ukaingia, ukagota. Tukauzungusha. Ukagota. Mama akakohoa, akanishika mkono kwa nguvu ya mtu aliyelima maisha yake yote, nikawa namwambia sikioni, "Pumua mama, pumua tu, nipo." Tukauzungusha tena nao ukateleza, ukapita. Mashine ikaanza kuandika hewa anayotoa, mlima baada ya mlima. Hapo ndipo tukamlaza. Ilikuwa imetuchukua karibu dakika 40.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Marovu mengi ya hivi hutolewa kwa kupitia shingoni tu, kwa kuwa damu yake hutoka huko juu, lakini vifaa vya kupasua kidari vilikuwa mezani na chupa 4 za damu ziko tayari. Daktari alifunga mishipa, kisha akaingiza kidole nyuma ya mfupa, akaanza kulibembeleza lipande. Kila alipovuta, mashine yangu ilipiga kelele, kwa sababu alikuwa anaikandamiza njia ya hewa.

"Acha kidogo, daktari."

Anaacha. Kelele inakoma. Anaanza tena. "Acha." Sijui ni mara ngapi. Mle ndani kuna mtu mmoja tu anayeweza kumwambia bingwa aondoe mkono wake, naye huketi kichwani kwa mgonjwa, nyuma ya pazia la kijani. Umeme ukakatika katikati. Betri ya mashine ikashika, jenereta likaunguruma, hakuna aliyesema kitu.

Lilitoka zima. Kwenye mizani gramu 540. Hatukufungua kifua.

Miguu yangu ilikuwa imevimba kwenye kandambili. Lakini kuamsha ni kazi nyingine, maana njia ya hewa iliyobanwa miaka mingi inaweza kuwa imelegea kama bomba la nailoni na ikajikunja ukitoa mpira. Nikatoa upepo kwenye kiputo kinachouzunguka mpira wa kupumulia, nikasikiliza: hewa inapita pembeni. Tukangoja afumbue macho, anyanyue kichwa. Nikautoa.

"Mama, hesabu."

"Moja. Mbili." Sauti ya kukwaruza, lakini ipo. Neva za sauti zimesalimika.

Nikampeleka chumba cha uangalizi maalumu, nikaacha mkasi na vifaa vya kufungulia nyuzi pembeni ya kitanda, nikamwambia sista wa zamu: shingo ikivimba ghafla, fungua hapohapo kitandani, usinitafute kwanza. Na akilalamika ganzi midomoni au vidole kumchonyota, kalsiamu imeshuka, mpigie daktari.

Nje giza lilikuwa limeingia. Mzee wa balaghashia alikuwa amemshika bingwa mikono miwili, anamwombea kwa Mungu. Akaniona napita na mkoba.

"Binti, wewe bado uko huku tu?"

"Niko, baba."

Nilifika nyumbani, nikakuta ugali na mlenda vimefunikwa. Sijamaliza kunawa, simu ikaita. Sista wa zamu: shingo iko sawa, oksijeni iko sawa, mgonjwa kaamka vizuri. Ila ndugu yake yuko mlangoni na chupa ya uji.

"Mwambie leo maji, kijiko kimojakimoja," nikasema. "Uji kesho. Na umnyang'anye chupa."