Anza na nauli

Ukitaka kusaidia familia yenye mtoto mwenye saratani, anza na nauli. Muhimbili, Dar es Salaam, shirika la Tumaini la Maisha husaidia watoto watibiwe bila malipo, lakini dawa ya bure haimfikishi mama kutoka Kigoma. Leukemia, yaani saratani ya damu, ya aina inayowapata watoto zaidi hutibiwa kwa miaka 2 hadi 3, na sehemu kubwa ya muda huo mtoto yuko nyumbani, anacheza, anaonekana mzima. Hapo ndipo familia hukatiza matibabu: homa zimeisha, akiba imeisha, mbuzi wameshauzwa. Ugonjwa ukirudi huwa mgumu zaidi kutibu.

Tuma nauli kwa simu siku 3 kabla ya kliniki: ya mtoto na mzazi, kwenda na kurudi, pamoja na ada ya kutolea. Ada hiyo husahaulika sana. Ukituma ya miezi mitatu kwa mkupuo italipia shule ya kaka yake, na huwezi kuwalaumu.

Nunua na kipimajoto cha kwapani. Mtoto aliye kwenye kimoterapia, yaani dawa za saratani, akifika nyuzi joto 38, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Asipewe parasetamoli kwanza. Itashusha joto na kuficha maambukizi. Kwa hiyo fedha ya bodaboda ya usiku iwekwe kando, isiguswe kwa lolote.

Halafu kuna bibi aliyeachiwa wajukuu. Mpelekee unga, maharage na mafuta, ili mama asilazimike kuondoka wodini.