Begi Langu Lilibaki Denver

Kutoka Dar hadi Denver sina la kusimulia, labda miguu kuvimba na chupa ya maji niliyouziwa zaidi ya shilingi elfu kumi. Habari inaanzia kwenye kindege cha kwenda Santa Fe, New Mexico.

Tumeshafunga mikanda, rubani akatangaza kwamba joto limepanda, ndege ni nzito, baadhi ya mizigo inashushwa. Nilikuwa dirishani. Nikaliona begi langu, nililolifunga kipande cha kanga nisilipoteze, linarudishwa kwenye toroli. Mle mna ubuyu, visheti na viungo vya pilau, maagizo ya mjomba ya muda mrefu. Na nimelilipia!

Abiria jirani, mzee aliyewahi kuwa fundi wa ndege, ndiye aliyenifafanulia. Denver iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na joto linaifanya nyepesi zaidi. Mabawa hayapati nguvu ya kutosha, injini nazo zinapungukiwa, hivyo ndege inahitaji mbio ndefu. Ndiyo maana wana njia ya kurukia ya mita 4,877, wakati yetu pale Julius Nyerere ni mita 3,000. Santa Fe ni juu zaidi, na njia yake ni fupi kuliko zote mbili, kwa hiyo hata uzito wa kutua unapimwa.

Kutua kwenyewe Mungu ndiye anajua. Ardhi kavu ya rangi ya matofali ilikuwa inachemka, hewa inapanda, na ndege inarushwa kama daladala kwenye mashimo. Pakiti ya korosho niliyoinunua Kariakoo ilikuwa imevimba, karibu ipasuke.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Ubuyu uko wapi?"

Mji wenyewe uko zaidi ya mita 2,100, juu kuliko lango la Marangu la kupandia Kilimanjaro. Midomo ilinipasuka, ngazi za kwa mjomba zikanitoa pumzi. Kanga niliyofua asubuhi ilikauka kabla sijamaliza chai, wakati kwetu mwezi wa nne nguo hunuka unyevu kambani. Nimelalamikia jasho la Dar maisha yangu yote, kumbe kule pwani ndege inabeba watu na mizigo yao bila kubishana na hewa.

Begi lilikuja baadaye, zipu imechanika. Ubuyu ulikuwa salama. Ada ya mzigo hawajanirudishia, na ninaendelea kuwaandikia.