Sandarusi kwenye trei, Lyme Regis

Safari yenyewe ilikuwa ya binti yangu. Ana miaka 9, na tangu wasimuliwe shuleni habari za Mary Anning, mwanamke wa karne ya 19 aliyechimbua visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, katika mji wa Lyme Regis, pwani ya kusini mwa Uingereza, hakuna aliyepata raha nyumbani kwetu mpaka nilipokubali kumpeleka. Jumamosi moja ya Februari tukapanda treni ya asubuhi kutoka Salisbury, tukashuka Axminster, tukachukua basi linaloteremka vilima mpaka baharini. Baridi ilikuwa kali, lakini huo ndio msimu wenyewe. Dhoruba na mvua za kipindi hicho huporomosha magenge ya tope na chokaa, na mawimbi yakishaosha kifusi, visukuku hubaki wazi ufukweni.

Tulipofika maji yalikuwa bado yamejaa. Ufukwe ule si wa kuchezea maji yakiwa juu, kwa sababu unabanwa kati ya bahari na genge. Tukaingia duka la visukuku na madini kusubiri maji yapwe.

Nimeishi Uingereza miaka 11 na sikuwahi kuingia duka la namna hiyo. Nilidhani ni mahali pa matajiri wenye vito. Kumbe ni trei za mbao zilizogawanywa vyumba vidogo, kila chumba kina mawe na kikaratasi chake, na mtoto mwenye pauni 2 mkononi anachagua kwa uhuru kama mtu mzima. Kulikuwa na visukuku vya trilobiti, wadudu wa kale wa baharini, kutoka Moroko, amoniti, yaani makombe ya kale yaliyojiviringisha, za Madagaska zilizokatwa katikati zikang'arishwa mpaka vyumba vyake vya ndani vinaonekana kama ngazi ya kuzunguka, na ametisti za Brazili, mawe ya zambarau. Kwenye trei ya mawe ya manjano, ambayo kwingine huuzwa kama sitrini, kito cha manjano, bila maelezo, kikaratasi kilisema wazi: ametisti iliyochomwa moto. Hapo nikaanza kumwamini mwenye duka.

Tanzanaiti nayo ilikuwepo, ndani ya kabati la kioo, vipande vitatu vidogo kama punje za mahindi. Nikamwonyesha binti yangu. Nikamweleza kwamba nyingi hutoka ardhini Mererani zikiwa za kahawia, zikichomwa ndipo zinakuwa za buluu, na kwamba hadi leo haijapatikana mahali pengine duniani. Akaniuliza nani aliipata. Nikamwambia ilianza kujulikana mwaka 1967, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina la nchi yetu. "Nimeuliza nani aliipata, Baba," akasema. Nikamtajia Jumanne Ngoma, ambaye Rais Magufuli alimtambua hadharani mwaka 2018, akiwa ameshazeeka. Kikaratasi cha kabatini kilikuwa na jina la jiwe na jina la nchi tu.

Karibu na mlango ndipo nilipoiona trei ya kaharabu, utomvu wa miti ya kale ulioganda ukawa kama jiwe. Nyingi zilitoka Baltiki, zile zinazokadiriwa kuwa na umri wa miaka kama milioni 40. Pembeni yake palikuwa na donge moja la rangi ya asali, kubwa kama yai la kuku, limeandikwa "Kopali, Afrika", pauni 14. Nikaligeuza. Upande mmoja ulikuwa laini, na upande wa pili ulikuwa na vipele vidogo vilivyopangana kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa.

Mwenye duka, mama mtu mzima aliyevaa miwani miwili, mmoja kichwani na mwingine machoni, akanieleza kwa upole kwamba hiyo si kaharabu. Ni utomvu wa mti ulioganda na kuzikwa, lakini haujafikisha umri wa kaharabu, na kopali nyingi hunata ukizidondoshea asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Nikamwambia kwetu kitu hiki kina jina. Kinaitwa sandarusi.

Sijui neno lilitokea wapi kichwani mwangu. Nina hakika sikuwa nimelitamka kwa miaka 20. Nikamrekodia mjomba wangu ujumbe wa sauti hapo hapo dukani: shikamoo mjomba, unaikumbuka sandarusi? Yeye ni fundi seremala mstaafu. Jibu lilikuja kabla hatujatoka: "Marahaba mwanangu. Sandarusi! Sijalisikia neno hilo tangu afariki mzee aliyenifundisha kazi. Yeye alikuwa akisema vanishi ni ile ya sandarusi, hii ya kopo ni maji ya rangi."

Mzee yule alijua anachosema. Msandarusi ni mti wa pwani yetu, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, na Madagaska pia. Karne ya 19 watu wa Mrima, yaani pwani ya bara inayokabili Unguja, wakiwemo Wazaramo, waliichimba sandarusi hata mahali ambapo miti yenyewe ilikuwa imeshatoweka. Ikapelekwa Unguja, ikaoshwa, ikapakiwa melini kwenda Ulaya na Salem, Massachusetts. Huko ilipikwa vanishi ngumu ya samani na magari ya farasi. Wachimbaji na wafanyabiashara waliitofautisha vizuri. Ile iliyochimbwa ilikuwa ngumu, na ikishaoshwa ilionyesha vile vipele. Ile mbichi iliyotoka mtini iliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa ya chini. Mwingereza Richard Burton, aliyepita pwani hiyo mwaka 1857, ameeleza kwamba wafanyabiashara wa kigeni waliligeuza neno chakazi likawa "jackass", yaani punda dume, na ndivyo ilivyojulikana sokoni kwao. Neno lilitungwa na watu wanaoijua kazi yao, likafika ng'ambo likiwa jina la mnyama. Hilo linaniuma, na sioni haya kulisema.

Nikalinunua donge.

Saa 7 mchana maji yalikuwa yamepwa, tukashuka ufukweni upande wa mashariki. Sheria ya pale ni rahisi: kilicholala ufukweni unaweza kuokota, lakini genge usilichimbe, na usikae chini yake. Tope lile huanguka bila hodi. Mwaka 1833 lilimfukia Tray, mbwa wa Mary Anning, mbele ya macho yake, na yeye akanusurika kwa hatua chache. Binti yangu alinisimulia hayo huku akinivuta mkono tusogee upande wa bahari.

Alinisimulia na mengine. Baba yake Mary alikuwa seremala aliyeuza visukuku kwa wageni ili kuongeza kipato, akafariki mwaka 1810 na kuiachia familia madeni. Mwaka uliofuata kaka yake, Joseph, akaona fuvu la ikthiosauri, mtambaazi wa kale wa baharini, na Mary, mwenye miaka 12 hivi, akaupata mwili wa mnyama huyo. Mwaka 1823 Mary akachimbua plesiosauri mzima, mtambaazi mwingine wa kale wa baharini. Februari 1824 mchungaji na mwanajiolojia William Conybeare alimwelezea mnyama yule mbele ya Chama cha Jiolojia cha London, wala hakumtaja aliyemchimbua. Mary asingeweza kuwa mwanachama wa chama hicho, kwa kuwa wanawake hawakuingizwa hadi 1919, na yeye alikuwa amefariki tangu 1847. Sanamu yake hapo mjini ilizinduliwa mwaka 2022. Ana nyundo mkononi, na mbwa wake yuko kando yake.

Tulitafuta kwa muda wa karibu saa mbili. Mimi sikupata chochote. Jicho langu liliona mawe tu, kijivu juu ya kijivu. Yeye alipiga magoti, akanyamaza, kisha akainua kipande cha amoniti kisichozidi ukucha wa dole gumba, mistari yake imekamilika upande mmoja.

Tukarudi dukani kumwonyesha yule mama, maana basi lilikuwa bado. Akakitazama kile kipande kwa kioo cha kukuzia, akathibitisha, akampa vikaratasi vitatu vitupu. Akamwambia kisukuku kisicho na maandishi hubaki pambo, kwa hiyo aandike leo leo kabla hajasahau: ni nini, kimetoka wapi, lini, na nani aliyekiokota.

Kwenye treni akaandika cha kwanza kwa penseli, polepole, ulimi umetoka nje kidogo: amoniti, Lyme Regis, ufukwe wa mashariki, tarehe, jina lake lote na la ukoo. Kisha akachukua donge langu na kikaratasi cha pili. Akaniuliza tahajia, nikamtajia herufi moja moja. Sandarusi.

"Imetoka wapi?"

Nikamwambia vipele vinanifanya nidhani ni pwani ya kwetu, lakini siwezi kuapa.

"Nani aliichimba?"

Treni ilikuwa imesimama Yeovil Junction, watu wanapanda na mabegi yao. Akasubiri jibu, penseli iko juu ya karatasi. Mwishowe akachora mistari miwili iliyonyooka, mmoja wa mahali na mmoja wa jina, akaiacha wazi, akakiviringisha kikaratasi kwenye donge na kulifunga kwa utepe wa nywele zake.