Wadukiza, mjukuu wangu

Siku ya nne leo na neno lile halijanitoka.

Jumanne usiku, umeme umerudi saa tatu, mimi ukumbini na laptopu (ndiyo ile ile, bawaba nimeifunga kwa waya), Bibi chini kwenye mkeka anachambua mchele wa kesho. Akanyanyua macho.

"Mke mwenzangu, hiyo mistari yakimbia hivyo, ya nini?"

Nikajaa furaha, maana nyumba hii hakuna anayeniulizaga. Nikamweleza kwamba programu hii inaitwa Wireshark, kila kinachopita kwenye intaneti yetu inakionyesha kipande kwa kipande, na vipande vyenyewe ndiyo pakiti. Huyu anauliza, yule anajibu.

"Na wao wajua kama wewe wawaona?"

"Hawajui, Bibi."

Akapeta ungo mara mbili. "Basi wadukiza, mjukuu wangu."

Hakusema mke mwenzangu. Mjukuu wangu.

"Nasoma, Bibi."

"Haya. Soma."

Mnaomjua mnaijua "haya" yake. Tangu hapo naisikia kwenye bajaji, naisikia dukani nikitoa kopi za vyeti vya watu. Ijumaa tumemwozesha binti wa shangazi kule Pangani, na bosi ametangaza duka linahama Ngamiani, lakini hayo nitayaandika nikitulia. Siku hizi kwenye taarifa ya habari udukuzi ni kuvunja mifumo ya kompyuta. Bibi hana habari hiyo. Kwake kudukiza ni kutega sikio chini ya dirisha la jirani, basi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wiki hii ndiyo nimeanza kuelewa. Miezi miwili nimekariri matabaka 7 ya mtandao, yaani ngazi ambazo data inapitia, kama mtoto wa chuoni anayekariri sura asiyojua maana yake, na la 5 na la 6 mpaka leo sijayaona kwa macho. Jumatatu nikaacha kukariri. Nikachukua pakiti moja tu, nikaifungua. Nje kabisa kichwa cha Ethernet, baiti 14, na anwani za MAC, yaani namba za vifaa vyenyewe. Ndani yake kichwa cha IP, baiti 20, chenye anwani ya inakotoka na inakokwenda. Ndani ya IP kuna TCP, msimamizi wa mazungumzo, na ndani ya TCP ndiyo maneno yenyewe.

Nikakumbuka mzigo wa Bibi wa kila mwezi, mikate ya ufuta kwenda kwa mjomba Dar. Bajaji inaupeleka stendi ya Kange, basi linaubeba, kule Dar bodaboda anaumalizia. Wabebaji wanabadilika kila kituo, na kila mmoja anajua wa kumkabidhi tu; jina la mjomba juu ya boksi halibadiliki. Ndivyo zilivyo anwani za MAC, zinabadilika kila kituo, na IP ndiyo jina la mjomba. (Wajuzi msinivamie na habari za NAT, ile ya kubadilisha anwani za IP njiani. Najua. Nitafika.) Na konda hana haja ya kujua kama ndani mna mikate au viatu.

Nikaona na ARP, swali la kutafuta MAC ya mwenye anwani fulani ya IP, nikacheka peke yangu. Simu ya mdogo wangu inaingia mtandaoni kupitia laptopu yangu, maana modemu nimeichomeka kwangu. Basi simu inapaza sauti ili wote wasikie: "Nani mwenye 10.42.0.1? Mwambie 10.42.0.57." (Ya kwanza laptopu, ya pili simu yenyewe.) Kama mgeni wa Makorora anayeuliza barazani nyumba ya fulani.

TCP nayo inabisha kabla ya kuingia: hodi, karibu, nishakaribia. Pakiti tatu ndipo mazungumzo yaanze. Ila adabu yake nusu. Bibi alitufundisha hodi ni mara tatu, usipojibiwa ondoka. Nilijaribu seva moja ya mbali isiyojibu. Laptopu ikabisha, ikangoja sekunde 1, ikabisha, ikangoja 2, kisha 4, kisha 8, mpaka hodi 7, mistari ya Wireshark imekuwa myeusi kwa maandishi mekundu. Nilitaka kumsimulia Bibi hili. Lingemchekesha. Sasa nitalianzia wapi?

Na kuna jambo sikumwambia. Jumanne ile ile, kabla hajaniuliza, nilikuwa nimeshaona.

Maneno ya mtu huwezi kuyasoma siku hizi, mengi yamefungwa kwa TLS, kufuli ya mtandaoni, unaona herufi zilizovurugika tu. Lakini kabla simu haijaongea na seva lazima iulize anwani yake, na kwetu swali hilo la DNS (daftari la majina ya mtandaoni) linapita wazi, poti ya 53, ndio mlango wake, jina zima zima. Simu ya mdogo wangu iliuliza majina matatu. Yote ni ya programu za mikopo. Moja ililiuliza tena na tena.

Faili la pakiti hizo nimelifuta Jumatano asubuhi. Alhamisi mdogo wangu akaja jikoni, akasimama mlangoni, akaniomba nimwazime elfu ishirini. Nikasema sina kabla hajamaliza. Ninazo. Siku nyingine ningemuuliza za nini, tungetaniana, ningempa kumi. Safari hii nilijibu kama mtu anayejua, na nadhani aliona, maana aliniangalia kidogo kisha akaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyemtuma.

Nikitaka kumuuliza "unadaiwa?" ataniuliza nimejuaje. Na Bibi atakuwa pale pale kwenye mkeka.

Mkwezi aliahidi kuja leo kukata makuti ya mnazi wa nyuma ya bafu, hakuja. Umezidi kuinama, na upepo wa kusi umeanza. Kamba ya kuanikia nguo tumeifunga kwenye mnazi huo huo.